Waya wa Spika Unabadilisha Sauti kwa Kiasi Gani?

Somo kwa mlaji anayenunua au kuunganisha redio ya nyumbani

Kila mwaka, mahindi ya uwanda wa juu wa Ufipa yanapokwisha kuvunwa na kuuzwa, familia nyingi za Sumbawanga hupata fedha za kutimiza jambo lililokuwa likisubiri. Wapo wanaoezeka nyumba, wapo wanaolipa ada za watoto, na wapo wanaonunua redio kubwa ya sebuleni au sabufa, ili nyumba ipate kusikia taarifa ya habari, kwaya na muziki wa dansi kwa sauti iliyo safi. Ununuzi wa namna hiyo haufanyiki kila siku. Mlaji aliyetoka na fedha za msimu mzima anastahili kupata kilicho sawa na alicholipia.

Mara nyingi mnunuzi akishachagua redio, muuzaji humwonyesha bidhaa moja zaidi, nayo ni waya. Humwambia kwamba nyaya zilizomo ndani ya boksi ni hafifu, na kwamba asiponunua zile nene zenye ncha za rangi ya dhahabu hataifaidi redio yake. Mnunuzi wa kata ya Mazwi, kama walivyo wanunuzi wa kwingineko, hana kipimo cha kumwonyesha kama maneno hayo ni ya kweli. Huamua kwa kumtazama muuzaji usoni.

Somo hili limeandaliwa ili kumpa mlaji kipimo hicho. Tutaona kwamba madai ya muuzaji yana ukweli kwa sehemu. Waya mbaya unaweza kweli kuharibu sauti. Lakini waya unaofaa hauna gharama kubwa, na sifa zake mlaji anaweza kuzikagua mwenyewe dukani. Kinachouzwa kwa bei ya juu kupita hapo, kwa kawaida sikio halikisikii.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza:
1. kueleza kazi ya waya wa spika na wa ishara;
2. kuchagua unene wa waya unaofaa chumba chake;
3. kurekebisha makosa ya kuunganisha yanayoharibu sauti;
4. kupima madai ya muuzaji kwa jaribio rahisi;
5. kutambua waya unaohatarisha maisha, na kudai haki yake pale anapodanganywa.

Kazi ya waya

Redio ya nyumbani ina sehemu tatu. Ya kwanza ni chanzo cha sauti, kwa mfano simu, deki, king'amuzi au redio yenyewe. Ya pili ni amplifaya, ambayo huchukua ishara ndogo kutoka kwenye chanzo na kuiongezea nguvu. Ya tatu ni spika, ambayo huigeuza nguvu hiyo ya umeme kuwa mtikisiko wa hewa tunaousikia. Katika sabufa nyingi, amplifaya imefungwa ndani ya boksi la spika kubwa.

Waya huunganisha sehemu hizo. Hauna kifaa ndani yake cha kuongeza besi wala cha kusafisha sauti. Waya mzuri kuliko wote ni ule unaofikisha upande wa pili kile kile kilichoingia upande wa kwanza. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni hili: waya huu unapoteza kiasi gani, na unaruhusu uchafu gani kuingia? Hayo ndiyo mambo mawili ambayo waya unaweza kuyafanya vibaya, nayo yote hupimika.

Unene, urefu na aina ya metali

Kila waya huukinza umeme kwa kiasi fulani. Waya mrefu hukinza zaidi kuliko mfupi, na mwembamba hukinza zaidi kuliko mnene. Ukinzani hupimwa kwa omu. Nyuma ya kila spika pia pameandikwa kiasi chake, mara nyingi omu 4 au omu 8. Ukinzani wa waya ukiwa mdogo sana ukilinganishwa na ule wa spika, karibu nguvu yote hufika kwenye spika. Ukikaribia kuwa mkubwa, sehemu ya nguvu hupotea njiani kama joto, na uwiano kati ya sauti za chini, za kati na za juu huweza kubadilika.

Tuchukue mfano wa sebule ambayo spika yake iko mita 5 kutoka kwenye amplifaya. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo hupita katika mita 10 za shaba. Kama waya ni ule mwembamba sana wenye eneo la milimita za mraba 0.2, ukinzani wake utakuwa takriban omu 0.86. Kwa spika ya omu 8, karibu sehemu moja ya kumi ya volti itaishia ndani ya waya. Kwa spika ya omu 4 hali ni mbaya zaidi: takriban theluthi moja ya nguvu iliyopaswa kufika kwenye spika haitafika.

Sasa tubadilishe waya tu, na mengine yote tuyaache kama yalivyo. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75 una ukinzani wa omu 0.23. Ule wa 1.5 una omu 0.11, na ule wa 2.5 una omu 0.07. Kwa waya wa 1.5 na spika ya omu 8, volti inayopotea ni kama asilimia 1.4. Tofauti ya sauti inayotokana na upungufu huo ni ndogo kuliko ile ambayo sikio la mtu anayesikiliza muziki linaweza kuitambua.

Kanuni inayotumika sana ni kwamba ukinzani wa waya, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya ukinzani wa spika. Kwa sebule nyingi kanuni hiyo ina maana ifuatayo:

- Spika ya omu 8 iliyo umbali usiozidi mita 5: milimita za mraba 0.75 zinatosha.
- Spika ya omu 4 kwa umbali huo huo: chukua 1.5.
- Ukumbi mkubwa, au umbali wa mita 10: chukua 1.5 kwa spika ya omu 8, na 2.5 kwa spika ya omu 4.

Tahadhari ni kwamba unene wa nje unaweza kudanganya. Waya unaweza kuonekana mnene kwa sababu ya plastiki, huku ndani yake mkiwa na nyuzi chache tu. Mwombe muuzaji akuonyeshe ncha iliyokatwa, na usome namba iliyochapwa kwenye waya wenyewe au kwenye roli yake.

Aina ya metali nayo ina uzito wake. Waya unaofaa zaidi ni wa shaba. Sokoni zipo pia nyaya za alumini iliyopakwa shaba kwa nje, ambazo mara nyingi huandikwa herufi CCA. Ukinzani wake unakaribia mara moja na nusu ya ule wa shaba tupu wenye unene ule ule. Si kosa kuziuza kwa ajili ya spika, iwapo muuzaji anazieleza jinsi zilivyo na bei yake inalingana nazo. Mnunuzi atachukua tu zilizo nene zaidi. Kosa ni kuziuza kwa jina na bei ya shaba tupu.

Kuzitambua si kazi ngumu. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Shaba halisi ni nyekundu hadi ndani, na alumini iliyopakwa huonyesha weupe chini ya ngozi nyembamba ya rangi ya shaba. Alumini pia ni nyepesi mno, kwani uzito wa shaba ya ujazo ule ule unazidi wa alumini zaidi ya mara tatu. Aidha, shika sumaku karibu na ncha. Sumaku ikivuta, ndani ya waya huo mna chuma.

Makosa yasiyohitaji fedha kurekebishwa

Kabla ya kununua waya mpya, mlaji aangalie kwanza jinsi ule alionao ulivyounganishwa. Sauti nyingi mbovu zinazolaumiwa juu ya waya hutokana na makosa ya kuunganisha, na kuyaondoa hakugharimu kitu zaidi ya nusu saa ya kazi.

Kosa la kwanza ni kupishanisha chanya na hasi. Kila spika ina sehemu mbili za kuunganishia, moja nyekundu na moja nyeusi, na waya wa spika una alama upande mmoja, kwa mfano mstari mweupe. Spika moja ikiunganishwa sawasawa na nyingine ikapishanishwa, moja itasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta. Besi itapungua sana, na sauti ya mwimbaji itakosa mahali pa kutokea. Mabadiliko haya husikika wazi kuliko tofauti yoyote kati ya waya wa bei nafuu na wa bei kubwa.

Kulipima ni rahisi. Sogeza spika mbili zitazamane kwa karibu, piga wimbo wenye besi, kisha zima redio na upishanishe nyaya za spika moja tu. Washa tena kwa sauti ile ile. Muunganisho wenye besi nyingi zaidi ndio sahihi. Njia nyingine, kwa spika ambayo koni yake inaonekana, ni kuitoa kwanza spika kwenye amplifaya, kisha kuigusisha kwa kitambo kidogo betri moja ya tochi ya volti 1.5. Chanya ya betri ikigusa chanya ya spika, koni hutoka nje kidogo. Ikiingia ndani, alama zimepishana.

Kosa la pili ni muunganisho uliolegea au wenye kutu. Shaba iliyokaa wazi kwa muda mrefu, hasa mahali penye unyevu wa masika, hubadilika rangi na kuwa nyeusi au ya kijani. Sauti hukatika au hukwaruza mtu anapopita au anapogusa waya. Kata ncha iliyoharibika, menya plastiki kiasi cha sentimita moja, sokota nyuzi vizuri, kisha kaza.

Kosa la tatu ni nyuzi zilizotawanyika. Uzi mmoja mwembamba unaogusa upande wa pili unaweza kusababisha shoti na kuunguza amplifaya. Daima zima redio na kuchomoa plagi kabla ya kugusa nyaya za spika.

Kosa la nne ni kuungaunga. Waya uliounganishwa mara tatu kwa kusokota na kufungwa soletepu una sehemu tatu za kulegea. Ikiwa waya wa spika uliokuja na sabufa haufiki, ni afadhali fundi aunge kipande kimoja kirefu cha unene unaofaa, akichomelee kwa risasi na kukifunika vizuri, akizingatia chanya na hasi.

Nyaya za ishara na mvumo

Waya unaotoka kwenye simu, deki au king'amuzi kwenda kwenye amplifaya hubeba ishara ndogo sana. Kwa kuwa ishara hiyo itakuzwa baadaye, uchafu wowote unaoingia hapa utakuzwa pamoja nayo. Ndiyo sababu waya huu, ambao wengi huuita waya wa AUX au wa RCA, hufunikwa kwa wavu wa shaba unaozuia umeme wa jirani usiingie. Waya hafifu wenye wavu haba, au usio na wavu kabisa, hupokea mvumo wa umeme wa nyumbani, ambao nchini kwetu una masafa ya mizunguko 50 kwa sekunde.

Hapa kuna tofauti ya kweli kati ya waya mzuri na mbaya, lakini haihitaji waya wa ajabu. Waya wa kawaida wenye wavu kamili na ncha zinazokaza unatosha. Uwe mfupi kadiri inavyowezekana, na usilazwe sambamba na waya wa umeme. Vikipaswa kukutana, vipishane kama msalaba.

Mvumo ukiendelea, chomoa waya wa dishi au wa antena kwenye king'amuzi. Ukikoma, tatizo ni vifaa viwili kuwa na njia zaidi ya moja ya kufika ardhini, na waya mpya wa AUX hautausaidia. Mwone fundi umeme. Tunasisitiza jambo moja: asikate mtu yeyote pini au waya wa ardhi kwenye plagi ili kuondoa mvumo. Waya huo umewekwa ili kuokoa maisha hitilafu inapotokea.

Kwa nyaya za kidijitali, kama HDMI, kanuni ni nyingine. Ishara yake ni tarakimu. Ikifika salama, sauti ni ile ile kwa waya wa bei yoyote. Ikiharibika, sauti hukatika au picha hupotea, na hakuna anayeweza kukosa kuliona hilo. Haipo hali ya waya wa HDMI kuleta besi nzito zaidi.

Madai ambayo sikio halithibitishi

Sasa tuyatazame maneno yanayopandisha bei.

Dhahabu. Dhahabu hupitisha umeme vibaya kuliko shaba. Faida yake ni kwamba haishiki kutu, kwa hiyo kupakwa kidogo kwenye ncha kunasaidia muunganisho udumu. Hakuongezi utamu wa sauti.

Fedha. Madini haya hupitisha umeme vizuri kuliko shaba kwa takriban asilimia 6. Faida hiyo hiyo hupatikana kwa kununua waya wa shaba ulio mnene kidogo zaidi, kwa sehemu ndogo ya bei.

Shaba isiyo na oksijeni. Ni shaba nzuri, lakini huizidi shaba ya kawaida ya umeme kwa kiasi cha asilimia 1 tu katika kupitisha umeme.

Mishale ya uelekeo kwenye waya wa spika. Umeme wa muziki huenda mbele na nyuma, kuanzia mara 20 hadi mara 20,000 kwa sekunde. Waya wa shaba hauna upande wa mbele.

Waya wa umeme wa ukutani unaodaiwa kusafisha sauti. Kwa miaka mingi Mkoa wa Rukwa ulikuwa nje ya Gridi ya Taifa na ulipata umeme kutoka Zambia, ukisafiri makumi ya kilomita kwenye nyaya za kawaida hadi kufika mjini. Waya wa mita moja na nusu mwishoni mwa safari hiyo hauwezi kufuta yaliyotokea njiani. Umeme wako ukipanda na kushuka, kifaa cha kufikiria ni stebilaiza yenye ubora.

Majaribio ya kuyapima madai haya yamefanyika. Mwezi Agosti 1983, jarida la Stereo Review la Marekani lilichapisha jaribio la Laurence Greenhill, ambalo wasikilizaji hawakujua ni waya gani unaopiga. Waya mwembamba sana, wa milimita za mraba 0.2 hivi, uliweza kutambuliwa. Lakini walipopigiwa muziki, wasikilizaji hawakuweza kutofautisha waya wa kawaida wa milimita za mraba 1.3 na waya mnene wa kibiashara uliokuwa ukitangazwa sana wakati huo. Mwaka 2007, James Randi wa Marekani alisema kwamba zawadi yake ya dola milioni 1 ingemwendea mtu ambaye, bila kuona, angetofautisha nyaya za spika za dola 7,250 na nyaya nzuri za kawaida. Zawadi hiyo haikuchukuliwa na mtu.

Jaribio la kufanya nyumbani au dukani

Wanaosema kwamba wamesikia tofauti kwa kawaida hawasemi uongo. Mtu aliyetoa fedha nyingi husikiliza kwa makini zaidi na kwa matumaini, na sauti humjia kama mpya. Isitoshe, sauti iliyo kubwa kidogo huonekana kuwa bora zaidi. Muuzaji anayeongeza sauti anapobadilisha waya, hata kwa bahati mbaya, humfanya mnunuzi ausifu waya badala ya kitufe.

Mlaji anaweza kujilinda kwa jaribio lifuatalo:

1. Chagua wimbo mmoja unaoufahamu vizuri.
2. Weka sauti katika kiwango kimoja, na isiguswe tena.
3. Msikilizaji ageuke, asione nyaya wala anayezibadilisha.
4. Msaidizi arushe sarafu kila mara. Kichwa kikitokea, aunge waya wa kwanza; mwenge au picha ya upande wa pili ikitokea, aunge waya wa pili. Azime redio kila anapobadilisha, na afanye vitendo vile vile hata kama waya haubadiliki. Asiseme neno.
5. Msikilizaji ataje kila mara ni waya upi. Msaidizi aandike.
6. Rudieni mara 10, kisha mhesabu.

Anayekisia tu hupata majibu 5 au karibu na hapo. Kupata 9 au 10 kwa kukisia hutokea takriban mara 1 katika majaribio 100 ya namna hii. Kwa hiyo, asiyefikia 9 hajathibitisha kwamba anasikia tofauti, na hana sababu ya kuilipia. Muuzaji anayeiamini bidhaa yake hataogopa jaribio hili.

Wenyeji husimulia kwamba jina la mji wetu, Sumbawanga, lina maana ya kutupa uchawi. Katika ununuzi wa nyaya, ushauri huo unafaa kufuatwa neno kwa neno.

Hesabu ya fedha

Tuweke mfano wa bei kwa ajili ya kujifunzia tu. Tuseme waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 unauzwa shilingi 2,000 kwa mita, na ule wa "kitaalamu" shilingi 25,000 kwa mita. Spika mbili zilizo umbali wa mita 5 kila moja zinahitaji mita 10. Mnunuzi wa kwanza atalipa shilingi 20,000, na wa pili 250,000. Tofauti ni shilingi 230,000, na sauti ni ile ile.

Fedha hiyo ingeweza kuongezwa kwenye bei ya spika zenyewe, kwa kuwa spika ndizo zinazotofautiana sana kwa sauti, au ingebaki nyumbani. Hata kuzisogeza spika zilizopo zitoke kwenye kona, ziwe usawa wa masikio, na kutandika zulia au kuweka pazia kwenye chumba chenye mwangwi, hubadilisha sauti zaidi kuliko waya wa bei kubwa.

Waya unaoweza kuua

Wakati mlaji anahofia kupoteza utamu wa sauti, hatari iliyo kubwa iko kwingine. Waya mwembamba wa spika haukutengenezwa kubeba umeme wa ukutani wa volti 230. Plastiki yake ni nyembamba na shaba yake ni haba. Kuutumia kutengenezea ekstensheni, kuwashia taa au kuunganishia pasi ni kukaribisha shoti na moto. Vivyo hivyo, waya wa umeme wa alumini iliyopakwa shaba unaouzwa kama shaba tupu huweza kupata joto kali ukibebeshwa mzigo ambao shaba ya unene huo ingeumudu.

Kwa waya wa umeme, usipunguze gharama kwa kununua usioujua asili yake. Tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), jina la mtengenezaji na kipimo cha unene, vikiwa vimechapwa kwa namna isiyofutika. Plagi ikipata joto inapotumika, iache mara moja.

Haki zako dukani

Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji au kutoa maelezo ya uongo kuhusu ubora, aina au sifa za bidhaa. Kumwambia mnunuzi kwamba alumini ni shaba ni maelezo ya uongo. Maneno yaliyozoeleka kwenye risiti, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, hayafuti haki ya mlaji aliyeuziwa bidhaa yenye kasoro au isiyolingana na maelezo aliyopewa.

Hata hivyo, haki husimama juu ya ushahidi. Kwa hiyo:

- Uliza mambo matatu kabla ya kulipa: metali gani, milimita za mraba ngapi, mita ngapi.
- Dai risiti ya EFD, na uombe majibu hayo yaandikwe, kwa mfano: "waya wa spika, shaba, 1.5, mita 10". Muuzaji anayekataa kuandika alichokisema kwa mdomo amekupa jibu.
- Waya upimwe mbele yako kwa rula ya duka. Roli iliyofungwa ikiwa pungufu ya urefu ulioandikwa, jambo hilo linahusu Wakala wa Vipimo.
- Tunza kipande cha waya na boksi lake.
- Ukigundua kasoro, rudi kwanza kwa muuzaji mapema na kwa staha. Akikataa, peleka malalamiko kwa Afisa Biashara wa Manispaa au kwa Tume ya Ushindani. Masuala ya usalama na viwango yapelekwe TBS.

Wapo wauzaji wengi waaminifu, na bidhaa zinazofika Sumbawanga kwa lori kupitia Mbeya na Tunduma zimebeba gharama halali za safari. Mlaji anayeuliza maswali haya hamtuhumu mtu. Anamsaidia muuzaji mkweli asishindwe na yule anayeuza maneno.

Muhtasari

Waya hauongezi sauti. Unaweza tu kuipunguza au kuichafua. Shaba ya unene unaofaa, isiyo ndefu kupita kiasi, iliyounganishwa kwa ukamilifu na kwa alama sahihi, inatosha kwa redio ya nyumbani. Kinachodaiwa zaidi ya hapo kipimwe kwa masikio yasiyoona bei.

Maswali ya kujipima

1. Spika yako ni ya omu 4, nayo iko mita 5 kutoka kwenye amplifaya. Utachagua waya wa unene gani?
2. Besi imepotea baada ya kuhamisha spika chumba kingine. Utakagua nini kwanza?
3. Muuzaji anasema waya wake ni shaba tupu. Taja njia mbili za kuhakikisha.
4. Kwa nini si salama kukata waya wa ardhi ili kuondoa mvumo?
5. Jirani yako amepata majibu 6 kati ya 10 katika jaribio la kusikiliza. Je, anunue waya wa bei kubwa? Eleza kwa nini.